Deni Halishuki na Bei
Ukiuliza Mdororo Mkuu wa Marekani ulianzia wapi, wengi watakuambia: soko la hisa la New York, Oktoba 1929. Sisi tunaona hiyo ilikuwa cheche tu, petroli ilishamwagika. Watu walikuwa wananunua hisa kwa pesa za kukopa, wengine wakitoa mfukoni asilimia 10 pekee. Bei zikaanguka, deni likabaki palepale. Wenye akiba wakakimbilia benki kutoa pesa zao, na kufikia 1933 benki karibu 9,000 zilikuwa zimeanguka. Benki kuu haikuziokoa kwa wakati. Hata ambaye hakuwahi kununua hisa moja akaumia.

Kwa hivyo, kabla ubonyeze "Kubali" ukope kwa simu uweke pesa mahali umeambiwa zinazaa haraka, jiulize: zikipotea, nitalipa na nini?