Kodi Pekee Haitoshi Kulilinda Jiko

Kwa wengi wetu huku mafuta ya zeituni ni chupa ndogo ya kabatini, ya kupaka mwili au ya dawa. Kusini mwa Hispania sivyo. Katika jimbo la Jaén, lenye mizeituni inayozidi milioni 60, hayo ndiyo mafuta ya kukaangia mayai na viazi na ya kumiminia mkate asubuhi. Yakisha kukaangia huchujwa na kuhifadhiwa kwa chakula cha kesho. Bei yake inapopanda, anayeumia si mpenda anasa, bali mama mwenye watoto wa kulisha.

Na bei ilipanda kweli. Msimu wa 2021/22 Hispania ilikamua karibu tani milioni 1.5. Msimu uliofuata haikufikia hata nusu ya kiasi hicho, kwa sababu ya ukame na joto kali lililoikuta mizeituni ikiwa katika maua. Kufikia Januari 2024, kilo moja ya mafuta bora ilikaribia Euro 9 vinuni, zaidi ya mara tatu ya bei ya mwaka 2020. Yapo maduka yaliyofunga chupa kwa minyororo zisiibwe. Familia nyingi zikahamia mafuta ya alizeti.

Serikali ya Hispania iliona jawabu katika kodi. Kodi ya Ongezeko la Thamani, iliyokwisha kupunguzwa hadi asilimia 5, iliondolewa kabisa tangu Julai 1, 2024 kwa muda wa miezi mitatu. Hatuubezi msaada huo. Lakini na tufanye hesabu: katika chupa ya Euro 9, asilimia 5 haifiki hata nusu Euro. Mama wa Jaén alisamehewa senti chache, na hatari kubwa zaidi ikabaki mlangoni pake.

Hatari hiyo ni walanguzi. Mwishoni mwa mwaka 2023 polisi wa Hispania na Italia waliwakamata watu 11 na kunasa zaidi ya lita 260,000 za mafuta yaliyoghushiwa. Yalikuwa yamechanganywa na mafuta duni ambayo wenyeji huyaita mafuta ya taa, kwa kuwa zamani kazi yake ilikuwa kuwashia taa. Kwa sheria hayaruhusiwi kuliwa kabla ya kusafishwa.

Hispania haina haki ya kusema haikujua. Mwaka 1981 wachuuzi walipita katika mitaa ya wafanyakazi, hasa pembezoni mwa Madrid, wakiuza kwa bei nafuu madumu yasiyo na kibandiko chochote, wakidai ni mafuta ya zeituni. Yalikuwa mafuta ya mbegu za rapa yaliyotiwa kemikali ya anilini, yaliyokusudiwa viwanda. Watu wapatao 20,000 waliugua, na zaidi ya 300 walikufa. Wengine walibaki na ulemavu wa maisha. Kosa lao lilikuwa kutafuta mafuta wanayoyamudu.

Msomaji anayenunua mafuta ya kupima gengeni atalielewa dumu lile bila kufafanuliwa. Mwaka 2022, vita vya Ukraine vilipoikatiza alizeti ya nchi ile, bei ya mafuta ya kula ilipanda Madrid, na ikapanda Dar es Salaam na Nairobi vilevile. Mteja mwenye fedha hununua chupa iliyofungwa na yenye jina la kiwanda. Asiye nazo hupimiwa kutoka katika chombo asichokijua kilikotoka, na hana chombo cha kupimia usafi wake ila ulimi na pua. Huyo ndiye anayemhitaji mkaguzi wa Serikali kuliko mtu mwingine yeyote, na ndiye ambaye mkaguzi humfikia mwisho.

Mvua zilirudi Andalusia. Mavuno ya 2024/25 yalifika karibu tani milioni 1.4, na katika mwaka 2025 bei ya vinuni ilishuka chini ya nusu ya ile ya Januari 2024. Kodi nayo ilikwisha kurudishwa, kwa asilimia 4. Kwa maoni yetu, senti hizo zinazokusanywa tena katika kila chupa zingefaa kuwalipa wakaguzi wa vinuni, wa maghala na wa masoko ya mitaani, nao waanze kazi sasa mafuta yakiwa tele, kabla ukame mwingine haujawarudisha wachuuzi wa madumu.