Hodi Zikizidi, Kifua Hakifungui

Wiki hii safu yenu iko Tabora, mji ambao wasafiri wa karne ya 19 waliuita Kazeh. Wapagazi wa misafara walipita hapa na pembe za ndovu kuelekea Bagamoyo, na ukiwauliza wenye pumu wakati wa kiangazi, watakuambia vumbi lao halijatua mpaka leo.

Kuna mshikaji wangu wa Isevya, mtanashati kweli, ila kila suruali yake ina pampu ya salbutamoli mfukoni. Zamani alikuwa akivuta mara moja, anacheza ndondo dakika tisini. Siku hizi anavuta kabla ya kupanda bodaboda, akishuka anavuta tena. Anadai dawa imechezewa. Wapi! Dawa ni ileile.

Sikia, bwana. Njia za hewa zimezungukwa na misuli laini, ile isiyongoja amri yako. Ikikaza, kifua kinabana. Mwili una homoni yake, adrenalini, ambayo huifanya ilegee. Salbutamoli inaiga hodi ya adrenalini. Kwenye utando wa seli kuna vipokezi, ndiyo milango ya kuitikia. Hodi ikipigwa kutwa kucha, baadhi vinanyamaza, vingine vinavutwa ndani ya seli. Ni kama mwenye nyumba aliyechoshwa na wadeni: anajifungia chumbani. Siku ya shida ya kweli, unaitikiwa nusunusu. Na uvimbe ndani ya njia za hewa unaendelea taratibu.

Si utani huu. Miaka ya 1960 vifo vya pumu vilipanda Uingereza, na pampu kali za isoprenalini zikanyooshewa kidole.

Pampu moja kwa kawaida ina dawa ya kuvuta mara 200. Wataalamu wa GINA, wanaotoa mwongozo wa pumu duniani, wanasema anayemaliza tatu au zaidi kwa mwaka yuko hatarini. Tangu 2019 hawashauri mtu mzima wala kijana atumie salbutamoli peke yake. Iwepo na steroidi ya kuvuta, inayotuliza uvimbe na kuisaidia seli kutengeneza vipokezi vipya.

Jamani, asitupe mtu pampu kwa kusoma hapa! Kifua kikibana, vuta. Kisipoachia, mbio hospitali. Ila ukiwa mzima, mwone daktari umtajie idadi ya kweli, usiipunguze kama bili ya baa.

Mshikaji kaahidi kwenda Jumatatu. Ahadi zake nazijua, nitamsindikiza mwenyewe.