Maji ao upepo? Ordinatere yetu yenye kupata moto

Juma hili hatuzungumzi juu ya bukari wala homa ya watoto. Tunazungumza juu ya ordinatere ya sekretaria yetu, ile yenye kutupa feza ya kila siku. Wengi wenu mliuliza kwa nini ilikuwa inazimika-zimika mwezi wa 10, na kwa nini tulikataa kununua kifaa cha maji ambacho tuliambiwa kinapita vyote.

Ilikuwa siku ya tano. Familia moja ilikuwa inangoja video ya ndoa, na walisema wazi kama hawaipati kesho yake hawalipi. Binti yetu anayetengeneza video akaiweka mashini kazini asubui. Kufika 60 kwa mia, ikazimika. Umeme ulikuwako, taa ilikuwa inawaka. Akaanzisha tena, ikazimika tena. Mara ya tatu akagusa sanduku: moto kama pembeni ya mbabula.

Tukaenda mujini kwa muuzishaji mumoja. Akasema: « Wamama, prosesere yenu ni ya nguvu, vantilatere haiwezi. Mununue ya maji. » Dola 85. Katika kesi mulikuwa dola 130, lakini 60 kati yake zilikuwa za mama mwenye zamu ya likelemba, za kulipia mutoto wake masomo ya sekondari. Wengine wakasema tumuombe angoje kidogo. Mama yule akanyamaza, na sisi wote tulijua kunyamaza kule maana yake ni nini. Basi tukasema: tuelewe kwanza, kisha tutalipa.

Prosesere ni kipande ambacho hakishindi kisanduku cha kibiriti. Yetu ni Core i7-8700. Karatasi yake inasema wati 65, lakini ikikazana na video inapita 100, sawa na zile taa za zamani zilizokuwa zinaunguza mukono. Joto lote lile linatoka mahali padogo vile. Ikikaribia digri 100, mashini yenyewe inapunguza mbio ili isiungue, ikizidi, inajizima. Kwa hiyo kuzimika kwake hakukuwa uchawi wala virusi. Ilikuwa inajiponyesha.

Sasa, joto halifi. Linahamishwa tu. Katika kifaa cha maji, pompi ndogo inasukuma maji kutoka juu ya prosesere, yanapita katika mipira mpaka kwenye radiatere, kama katika motokari. Lakini pale kwenye radiatere kuko nini? Vantilatere! Inapuliza lile joto ndani ya chumba kilekile. Muuzishaji hakutuambia hilo. Mwezi wa 10, chini ya mabati yetu ya Ruashi, chumba kinapita digri 30 saa sita ya muchana, na hakuna kifaa kati ya hivi viwili kinachoweza kushusha prosesere chini ya joto la chumba.

Kile cha upepo nacho kina siri yake. Ni bamba la chuma lenye mabomba ya shaba (ndiyo, shaba, ile iliyolipa jimbo letu jina kutoka 1971 mpaka 1997) juu inapitisha joto zaidi ya mara moja na nusu kuliko aluminiyomu. Ndani ya kila bomba muko maji kidogo sana. Upande wa prosesere yanageuka kuwa mvuke, mvuke unakwenda upande wa baridi, unageuka tena maji na kurudi kwenye prosesere. Angalieni kifuniko cha chungu chenu mangaribi, mutaona kazi ileile. Hapana pompi, kwa hiyo hapana kitu cha kufa kimyakimya. Vantilatere ikisimama utaiona na utaisikia, na mabamba yataendelea kupoza kidogo. Pompi ikisimama, maji yanakaa pale yanazidi kupata moto, na wewe unaweza usijue kitu mpaka mashini inazimika. Tena vifaa vingi vya maji vimefungwa kabisa: kisha miaka kama 5 ao 6 maji yanapunguka ndani, na huwezi kuongeza. Unatupa.

Lakini kuko jambo moja lililotupa mashaka. Kila mangaribi tunarudisha ordinatere nyumbani kwa pikipiki, juu ya wezi. Vifaa vikubwa vya upepo vinafika karibu kilo moja, vinaning'inia kwenye bamba la ndani, na barabara zetu munazijua. Kwa upande huo maji yana haki: juu ya prosesere uzito wake ni mudogo. Kwa hiyo tulitafuta kifaa cha katikati, mabomba 4, karibu nusu kilo, na sasa sanduku linasafiri likiwa limelazwa ubavu, kifaa kikiangalia mbinguni. Asiyefuata hilo asishike tena ule muzigo!

Mbele ya kununua, fundi alifungua. Aibu yetu. Vumbi lote la kiangazi, tangu mwezi wa 5, lilikuwa limelala juu ya ile vantilatere ndogo kama blanketi, na ile pati inayopakwa kati ya prosesere na chuma ilikuwa imekauka kama udongo. Akasafisha kwa brashi, akapaka pati mpya kiasi cha punje ya muhindi. Tukaweka video: kutoka digri 97 ikashuka 88. Kazi hiyo ilitugarimu dola 5. Kisha tukanunua kifaa kipya, dola 28: ikafika 73, na video ikamalizika siku ya posho asubui. Familia ililipa. Mama wa likelemba alipata dola zake 60 siku ileile.

Hatusemi maji ni mabaya. Kuko prosesere kama Core i9-14900K, ambazo zinaweza kula mpaka wati 253; mwenye hiyo, katika chumba safi, na mashini isiyohama, radiatere kubwa itamufaa. Mashini ya kuandika barua na kutengeneza ndoa haiombi hivyo.

Sanduku sasa halikai chini kwenye simenti, liko juu ya meza, mbali na ukuta kwa upana wa mukono. Brashi iko kwa mama trezorie. Siku ya posho ya kwanza ya kila mwezi tunafungua na kupangusa, mashini ikiwa imezimwa na uzi wa umeme umetolewa. Mwezi ujao zamu ni ya kundi la Avenue ya juu, na mulete kitambaa kikavu, si kile cha jikoni.