Mama Akienda Msibani Sawa, Akienda Ufukweni Kikao!

Kwanza tuelewane. Magomeni ninayoizungumzia leo siyo ile ya Mapipa na Usalama pale Dar. Ni Magomeni ya Kilosa, mkoani Morogoro, ambako ukitaja bahari watu wanakuuliza umesafiri lini.

Hapa kuna kikundi cha akina mama kumi na wanne. Ni kikundi cha kuweka na kukopa kama vilivyo maelfu ya vikundi nchini. Wamo wauza mchele, mama lishe, walimu wawili wa shule ya msingi, muuguzi mmoja na mama mjane anayefuga kuku. Kila Jumamosi kila mmoja anaweka elfu tano, mwisho wa mwaka wanavunja na kugawana. Safari hii wamekubaliana kwamba kabla ya kugawana watenge fungu, waende Unguja siku tano. Hawaendi kufuata madera ya kuja kuuza. Hawaendi semina. Wanaenda kutembea kwa miguu kando ya bahari, kutoka Bwejuu, Paje, Jambiani hadi Makunduchi. Wakichoka wakae, wakisikia njaa wale, wakiona maji mazuri waingie. Basi!

Weee! Mji umewaka moto. Waume wawili wamekataa katakata. Familia moja imeitisha kikao cha ukoo. Vijiweni wamewapa jina, sitaliandika hapa. Na mzee mmoja ninayemheshimu sana kaniambia: "Mwanangu, wewe ni mtu wa magazeti. Waandikie mama zako hawa waache mambo ya Kizungu."

Mzee wangu, shikamoo. Nimekaa kuandika, ila siyo ulichoniagiza.

Hoja ya kwanza ninayoisikia ni kwamba wanachezea pesa. Elfu tano kwa wiki ni laki mbili na sitini kwa mwaka. Hii siyo pesa ya mkopo wa halmashauri, wala siyo ya kausha damu. Ni jasho lao, shilingi kwa shilingi. Sasa niulize: Simba na Yanga zikikutana Uwanja wa Mkapa, nani huwa anakodi kosta hapa Kilosa? Wanaume. Wanalipa nauli, wanalipa kiingilio, wanakula chipsi njiani, timu ikifungwa wanarudi wamenuna, na Jumatatu hawaendi shamba. Nimesikia kikao cha ukoo kimeitishwa kwa ajili hiyo? Sijasikia. Tena tunawasifia, "jamaa ana mapenzi na timu yake!" Ukweli ni kwamba burudani ya mwanaume tunaiita mapenzi, ya mwanamke tunaiita ubadhirifu. Anayetetea bajeti ya nyumba aitetee pande zote mbili, vinginevyo anatetea kitu kingine.

Hoja ya pili inatolewa kwa kicheko: "Kutembea? Si wanatembea kila siku? Waende wakafuate kuni Jumamosi, itakuwa mapumziko tosha!" Watu wanacheka, mimi sicheki. Aliyesema hivyo bila kujua ametoboa siri. Anakubali kwamba wanawake hawa wanatembea sana, na kwamba safari zao zote ni za kutumikia mtu: ndoo kichwani, kuni mgongoni, mtoto kifuani, mzigo wa mchele sokoni. Miguu ni yao, lakini haijawahi kuwapeleka mahali kwa sababu tu wamependa kwenda.

Tusome na historia kidogo. Karne ya 19 misafara kati ya pwani na bara ilikuwa ikipita bonde la mto Mkondoa, huu huu tunaoufahamu kwa mafuriko. Stanley alipopita mwaka 1871 akimtafuta Livingstone, njia ilikuwa tayari imekanyagwa na miguu ya watu wengi kuliko yeye. Pembe zilibebwa vichwani. Na watu walitembezwa, wake kwa waume, minyororo shingoni, kuelekea Bagamoyo na vituo vingine vya pwani, wengine hadi Unguja, ambako soko la watumwa halikufungwa mpaka mwaka 1873. Kwa hiyo wanawake wa bara kwenda Unguja kwa miguu siyo jambo jipya. Jipya ni kwenda kwa hiari, kwa nauli yao, wakiwa na tarehe ya kurudi. Na ndilo hilo tunaloliitia kikao?

Hoja ya tatu ndiyo ya mzee wangu: mambo ya Kizungu. Hapa lazima nibishe kwa heshima zote.

Nani katembea kando ya bahari ya Unguja kuliko wanawake wa Unguja wenyewe? Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, kabla ya kuwa Siti alikuwa akitoka shamba kwenda mjini kuuza vyungu alivyofinyanga mama yake. Mwaka 1928 alivuka bahari kwenda Bombay kurekodi santuri. Nenda leo Paje au Jambiani maji yakishatoka, uone walio kule mbali kwenye mchanga wenye unyevu. Ni akina mama wa mwani. Kilimo hicho cha biashara kilianza huko mwishoni mwa miaka ya 1980 na wengi wa wakulima wake mpaka leo ni wanawake. Wengine wanapita kwenye mwamba kutafuta pweza na chaza. Wanajua kupwa na kujaa kuliko nahodha wengi. Mzungu amewakuta pale.

Na vikundi vya wanawake kufurahi pamoja pia Mzungu hakutuletea. Mwaka 1955 TANU ilipotaka wanawake, haikuwatafuta kwa barua. Bibi Titi Mohamed, aliyekuwa mwimbaji katika kikundi cha ngoma cha Bomba pale Dar es Salaam, aliwaendea viongozi wa vikundi wenzake vya ngoma na lelemama. Wanawake wale walikuwa tayari wanakutana, wanachangiana, wanaaminiana, wana sare na wana viongozi. Walichokosa ni kadi tu. Kwa hiyo ukiwaona akina mama wanacheka pamoja usidhani wanapoteza muda. Vikundi vya namna hiyo viliisaidia nchi hii kupata uhuru. Wakoloni walipoziona ngoma zile nao walidhani ni mchezo tu!

Hoja ya nne inasemwa kwa sauti ya chini: heshima. Mke wa mtu kulala siku tano ng'ambo bila mume? Kuna watakaonitajia dini, na mimi siyo sheikh wala mchungaji, sitoi fatwa. Mambo ya imani kila mama atayamaliza na Mungu wake na nyumba yake. Ila nauliza swali la mwandishi wa habari. Mama huyu huyu mwaka jana alilala siku nne Dodoma kwenye msiba wa shangazi. Akakaa wiki mbili Muhimbili akimuuguza mkwe. Kwaya ilipokwenda Iringa alikwenda. Maulidi ya kijiji jirani walikesha. Kuna aliyeuliza nani anamlinda? Safari ni ile ile, usiku ni ule ule, mwanamke ni yule yule. Kilichobadilika ni kimoja: safari hii hakuna anayelia, hakuna anayeumwa na hakuna wa kuhudumiwa.

Hapo ndipo ugomvi wote ulipo, jamani. Mwanamke akisafiri kwa huzuni tunamkodia gari. Akisafiri kwa furaha tunamwitia kikao.

Hoja ya tano imetoka kwa vijana wenzangu na ndiyo iliyoniuma zaidi: "Kule ni kwa watalii, wataenda kufukuzwa na walinzi." Mwaka 2024 Zanzibar ilipokea wageni zaidi ya 700,000 kutoka nje ya nchi. Sawa, tunafurahi, pesa inaingia. Lakini lini tulikubaliana kwamba mgeni akija mwenyeji anahama ufukweni? Ardhi yote ya Zanzibar ni mali ya umma tangu baada ya Mapinduzi ya 1964, mwenye hoteli amekodishwa tu. Bara nako Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukwe wa bahari. Lakini mtu mweusi mwenye ndala akikatiza mbele ya viti vya kuotea jua anaulizwa, "Unaenda wapi?" Na sisi wenyewe tumeshaamini kwamba swali hilo ni halali! Tumejifukuza kabla mlinzi hajasimama.

Na msidhani ni bahari peke yake. Hifadhi ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, iko jirani yetu hapa hapa. Akina mama wangapi wa Kilosa wamewahi kuingia getini? Tembo wanamwona wakiwa kwenye basi la kwenda Iringa, sekunde kumi, huku konda anapiga kelele za nauli.

Nyie wasomaji wangu wa Sinza na Mikocheni msianze kunipigia makofi. Nawajua. Nyie Zanzibar mnaenda, tena mnatupia picha kila saa. Lakini akina mama kumi na wanne wenye vitenge vya sare na mifuko ya viroba wakipita mbele ya kamera zenu, mtasema wanaharibu picha. Safari yenu ni "kujipa raha", yao ni kichekesho. Ni dharau ile ile ya kijiweni, imepuliziwa manukato tu.

Magazeti yetu nayo! Mwanamke wa Kilosa anaingia ukurasa wa mbele kwa njia tatu tu: mafuriko yamembomolea nyumba kama yale ya Desemba 2009 na Januari 2010, mume kampiga panga, au mkubwa anampa mfano wa hundi mbele ya bango. Hakuna ukurasa wa mwanamke wa Kilosa aliyeketi kwenye mchanga akila embe. Ukisoma miaka ishirini ya habari za namna hiyo, utaamini kwamba mateso ndiyo kazi yake, na raha ni kosa linalohitaji maelezo.

Kwa hao akina mama nina mambo matatu ya kuwaambia, kwa kuwa mama mmoja aliniuliza njia.

Moja, njia siyo ngumu kama zamani. Tangu 2024 treni ya umeme inapita Kilosa. Mkishuka Dar, bandari ya boti siyo mbali na stesheni, na boti ziendazo kasi zinachukua kama saa mbili. Kutoka mjini Unguja daladala za kusini mashariki zipo.

Mbili, msipange siku kwa saa ya ukutani, pangeni kwa mwezi. Mwezi mwandamo na mwezi mpevu ni bamvua: maji yanatoka mbali sana, mnapata mchanga mpana na mgumu wa kutembea, lakini yakirudi yanarudi kweli, kwani tofauti ya kupwa na kujaa inaweza kufika kama mita nne. Maji mafu ni ya upole zaidi. Waulizeni wenyeji kila asubuhi, na msizunguke jabali lolote maji yakiwa yanajaa.

Tatu, hela yenu iwafikie wanawake wenzenu. Mtafuteni mama wa mwani awatembeze, mumlipe vizuri, mnunue sabuni yake, mle kwake. Bahari imeongezeka joto, mwani wa bei nzuri umekuwa ukifa sehemu nyingi, na mama wa Jambiani ana hesabu ngumu kama za muuza mchele wa Magomeni. Mtakuwa na mengi ya kuzungumza kuliko mnavyodhani.

Kwa wale waume wawili: shemeji zangu, watoto hawatakufa njaa kwa siku tano. Ugali mnaujua kuula, kuusonga ni nusu saa tu.

Mwenye hoja ya kunipinga ailete, nitaijibu. Ila kabla hajaandika aniambie kwanza: mara ya mwisho kumchangia mama yake nauli ya safari isiyo ya hospitali wala msiba ilikuwa lini?