Njia ya Miguu kutoka Masimba hadi Ziwani

Imekuwa ada yetu, tuujadilipo usafiri wa nchi hii, kutaja lami peke yake, kana kwamba mwanadamu aliumbwa na magurudumu. Ilhali yeyote aondokaye Masimba, katika nyanda za juu za Masaba, akateremka taratibu hadi mto Gucha, utokao vilima vya Kiabonyoru huko Nyamira, kisha akaufuata mpaka unapomwaga maji yake ziwani huko Nyatike, atakuwa ameijua nchi kuliko abiria wa matatu aipitaye aushi yake yote.

Safari hiyo haitaki pupa. Miteremko ya Gusii ni mikali, udongo wake mwekundu huteleza baada ya mvua, na njia hupenya baina ya michai na migomba, kando ya vituo ambako wachumaji hupimiwa majani yao, hata Ogembo. Upande wa Tabaka wachongaji wa mawe ya sabuni hushinda vumbini. Baada ya maporomoko ya Gogo, yaliyojengewa bwawa la umeme enzi za ukoloni, joto huzidi, nchi hulala tambarare, na ufuo hudhihiri, mita 1,134 juu ya usawa wa bahari: mafunjo, viboko, na mawimbi ambayo wavuvi wa Karungu hawayafanyii mzaha. Huko Karungu ndiko Waingereza walikoweka kituo chao cha utawala kabla ya kukihamishia Kisii, mji ambao Septemba 1914 walipigana humo na Wajerumani waliotoka kusini.

Rai yangu ni kwamba njia hizi ni haki ya umma. Kila shamba ligawiwapo warithi, ua mpya huimega njia hatua moja, hata mtoto wa shule akalazimika kushika barabara kuu pamoja na pikipiki. Wasemao kuwa kutembea ni anasa ya wageni nawakubalia nusu, kwani mama aliyejitwika majani ya chai hatembei kwa starehe. Lakini njia ikizibwa, yeye ndiye wa kwanza kudhurika.

Kaunti za Kisii, Nyamira na Migori na ziipime njia hiyo, ziiwekee alama, zitengeneze vivuko vya vijito, na wenyeji wauze chakula na malazi. (Lami, nina yakini, haitakosa watetezi.) Waanze na kipande cha juu, Masimba hadi Ogembo, kabla mirathi nyingine haijagawiwa.