Mtihani wa Pili: Tumrudishe Mtoto au Tumwache?



Ndugu wasomaji wetu, leo tunapenda kuzungumza nanyi juu ya jambo lililotukalisha vikao vitatu nyumbani kwetu hapa Nyamirambo. Tunajua limeingia katika nyumba nyingine pia, kwa kuwa watoto wetu wanamaliza shahada ya kwanza na wanataka kuendelea mbele. Jambo lenyewe ni mtihani wa GRE, ule unaotakiwa na baadhi ya vyuo vikuu, hasa vya Marekani, kwa mwenye kuomba nafasi ya uzamili au uzamivu. Mtoto kaufanya, alama zimekuja, si mbaya na si za kushangilia. Je, aurudie?

Sisi ni baba na mama wa binti aliyepatwa na swali hilo. Tunaandika haya kabla vyuo havijamjibu, na tumefanya hivyo kwa makusudi. Akikubaliwa, watu watasema tuliamua vizuri. Akikataliwa, watasema tulikosea. Lakini uamuzi hupimwa kwa yale mtu aliyoyajua siku alipoamua, na mwisho wa mambo uko kwa Allah.

Mtihani wenyewe ukoje

Wazazi wengi wa umri wetu hawaujui mtihani huu, na sisi tulikuwa hivyo hivyo. Tangu Septemba 2023 umefupishwa, sasa unachukua saa 1 na dakika 58. Una insha moja ya dakika 30, maswali 27 ya lugha ya Kiingereza na maswali 27 ya hesabu. Lugha na hesabu kila moja hupewa alama kuanzia 130 hadi 170, na insha kuanzia 0 hadi 6. Hakuna kufaulu wala kufeli. Kila chuo, na mara nyingi kila idara, hujitazamia yenyewe alama ipi inatosha.

Anayetaka kurudia anaruhusiwa baada ya siku 21, na hawezi kuufanya zaidi ya mara tano ndani ya miezi 12. Alama hudumu miaka mitano. Mtu anaweza pia kuchagua alama za siku ipi zipelekwe chuoni, kwa hiyo ile hofu kwamba akishuka mara ya pili ameharibikiwa ni hofu kubwa kuliko jambo lenyewe. Ada yake inazidi dola 200, yaani karibu faranga laki tatu za hapa kwetu. Si pesa ndogo kwa familia inayouza vitenge.

Kikao cha kwanza: aibu

Binti yetu anaomba uzamili wa takwimu za afya. Alifanya mtihani mwanzoni mwa Oktoba, akapata 161 ya hesabu, 148 ya lugha, na 3.5 ya insha. Tulipoziona zile 148 tulinyamaza. Ami yake alikuwapo, naye akasema pale pale, "Arudie. Mtoto wa fulani alipata zaidi ya hiyo." Nasi tukaitikia, "Kweli, arudie."

Hapa ni lazima tukiri, ndugu zetu. Usiku ule hatukuuliza chuo kinataka nini. Tulikuwa tunafikiria harusi ya Jumamosi, na watu watakaotuuliza, "Vipi mtihani wa binti?" Tulitaka namba ya kuwatajia watu. Na pesa ya kununulia namba hiyo ilikuwapo, kwa sababu zamu ya mama ya upatu ilikuwa inakaribia. Lakini pesa hiyo hiyo tulikuwa tumeiwekea ada ya shule ya mdogo wake. Tulikuwa tayari kumchelewesha mtoto mmoja ili tusione haya kwa ajili ya mwingine.

Binti mwenyewe hakuulizwa. Alikaa kando akitumimina chai, nasi tukiongea juu yake kama vile hayupo.

Kikao cha pili: hesabu

Siku mbili baadaye mama yake ndiye aliyesema, "Tukae tena, na safari hii aongee yeye." Akaja na karatasi. Alikuwa ameandika programu tano anazoomba. Mbili haziutaki mtihani huu kabisa. Mbili zinasema ni hiari. Moja tu ndiyo inayoulazimisha. Hatukulijua hilo. Tangu janga la korona mwaka 2020, vyuo vingi viliacha kuulazimisha, vingine vikaurudisha, vingine bado. Kwa hiyo mwaka jana si ushahidi wa mwaka huu, na maneno ya mtoto wa jirani si ushahidi wa chuo anachoomba mtoto wako. Ni lazima kusoma masharti ya kila programu, moja moja.

Kisha akatuonyesha jambo la pili. Wenye mtihani hutoa mitihani miwili ya majaribio bila malipo. Aliifanya yote miwili hapa nyumbani kabla ya siku yenyewe. Katika lugha alipata 147 na 149. Katika hesabu alipata 160 na 162. Akasema, "Baba, wa kwanza ulisema 147, wa pili 149, wa kweli 148. Mnataka tuuulize mara ya nne?"

Tulicheka, lakini neno lile lilituingia. Alama hizi zina kuyumba kwake kwa kawaida. Mtu yule yule, mwenye elimu ile ile, akirudia baada ya wiki tatu anaweza kupanda au kushuka pointi mbili hivi bila sababu yoyote. Kwa hiyo 150 ya mara ya pili haimaanishi kwamba amejua zaidi. Na ili atoke 148 afike 156, kwa mfano, anahitaji kusoma Kiingereza kigumu kwa miezi mingi. Kwake hiyo ni lugha ya tatu, baada ya Kinyarwanda na Kiswahili. Sisi wazazi wake tulisomeshwa kwa Kifaransa, kwani Rwanda ilianza kuhamia Kiingereza mashuleni mwaka 2009, kwa hiyo nyumbani hakuwa na wa kumsaidia. Tulikuwa tunamdai kwa mwezi mmoja jambo ambalo sisi hatukumpa kwa miaka ishirini.

Hoja ya ami yake

Msidhani ami yake alikuwa hana hoja. Alirudi na neno zito. Alisema, "Sawa, chuo ni kimoja tu kinacholazimisha. Lakini huenda ndicho chenye msaada wa pesa. Bila msaada hamtamlipia." Hilo ni kweli, hatuna uwezo huo, na mkopo wa riba hatuutaki. Hatukuipuuza hoja yake. Ndiyo iliyotufanya tumwambie binti aandike barua pepe kwa programu ile, aulize bila kuona haya: je, mna kiwango cha chini cha lugha, na je, alama hizi zinaingia katika kugawa msaada wa masomo?

Jibu lilikuja baada ya siku nne. Walisema hawana kiwango cha chini, wanatazama faili lote kwa pamoja, na kwa fani ile jicho lao la kwanza liko kwenye hesabu na kwenye masomo ya hesabu aliyoyasoma chuoni. Barua fupi, ya bure, ilitupa zaidi ya vikao viwili vya kubishana.

Kikao cha tatu: tulivyoamua

Tuliamua asirudie. Wiki zile tano zilizobaki kabla ya vyuo kufunga maombi, yeye alizitumia kuandika upya barua yake ya maelezo, na kwenda kuwaona walimu wake watatu ana kwa ana ili wamwandikie barua za kumpendekeza mapema. Sehemu ya pesa ililipa ada za maombi. Mdogo wake alilipiwa shule. Tuliswali istikhara, si kwa kungoja ndoto, bali kwa kumuomba Allah aijaalie kheri katika njia tuliyokwisha kushauriana na kuichunguza.

Mama yake, tuseme kweli, bado ana shaka kidogo. Kuna usiku huamka akasema, "Lau tungelijaribu." Hatumlaumu. Hakuna uamuzi usiobakisha mlango mmoja uliofungwa.

Lakini si kila mtu aache

Ndugu wasomaji, msichukue kisa chetu mkakifanya sheria. Kuna kijana mmoja wa mtaani kwetu anayeomba uzamivu wa uchumi, fani ambayo idara nyingi huitazama sana alama ya hesabu. Siku ya mtihani alikuwa ametoka kuugua malaria. Alipata 154, na katika majaribio ya nyumbani alikuwa akipata 163. Huyo tulimwambia wazi, "Rudia, na tutachangia." Pengo lake ni pointi tisa, sababu yake inajulikana, dawa yake ni kupona na kulala usingizi, na wanaomsoma wanaijali namba ile. Kwa huyo, kuacha kurudia kungekuwa uvivu, hata kama tungeupa jina la tawakkul.

Kwa hiyo rai yetu ni hii. Kabla ya kumrudisha mtoto kwenye mtihani, au kumkataza, familia ikae na ijibu maswali manne, na mtoto mwenyewe awe wa kwanza kusema.

1. Nani anaisoma alama hii? Hesabu programu zinazoilazimisha, soma masharti ya mwaka huu, na penye shaka wauliziwe wenyewe kwa maandishi.

2. Je, pengo ni kubwa kuliko kule kuyumba kwa kawaida? Linganisha alama ya siku ile na ya majaribio. Zikikaribiana, hicho ndicho kiwango chake kwa sasa. Zikiachana mbali, kuna jambo lilitokea.

3. Sababu inajulikana, na inatibika kwa muda uliopo? Ugonjwa, woga, kuishiwa muda katikati ya maswali, hayo yanatibika. Msamiati wa lugha nzima hautibiki kwa wiki tatu. Na tukumbuke hesabu ya siku: siku 21 za kungoja, kisha siku kama 10 za kupata alama rasmi, mwezi umekwisha. Programu nyingi za Marekani hufunga maombi Desemba na Januari. Anayeanza kufikiri Desemba amekwisha kuchelewa.

4. Nani anailipa, na nani anaikosa? Pesa ya mtihani wa pili inatoka mahali. Atajwe kwa jina yule atakayepungukiwa, naye aambiwe.

Na kwa mabinti zetu wanaoamua kurudia wakiwa nyumbani kwa kompyuta, jambo linaloruhusiwa tangu 2020, tunaongeza neno dogo. Someni masharti ya chumba na ya mavazi mapema. Mwenye hijabu aulize kwa maandishi kabla ya kulipa, asije akabishana na msimamizi saa ya mtihani. Na intaneti ijaribiwe saa ile ile ya mtihani, si usiku wa manane mtaa ukiwa umelala.

Neno la mwisho kwetu wazazi

Tulichojifunza ni kwamba swali la kurudia mtihani lina urahisi wa kujificha ndani ya swali jingine. Sisi tulisema "arudie kwa ajili ya chuo", na moyoni ilikuwa "arudie kwa ajili ya harusi ya Jumamosi". Mwingine atasema "asirudie, tumuonee huruma", na moyoni ni "asirudie, asije akaenda mbali nasi". Mtoto hulisikia lile la moyoni, hata usipolisema.

Kule harusini tuliulizwa kweli. Mama yake akajibu, "Amepata 161 ya hesabu na 148 ya lugha, anaendelea na maombi." Aliyeuliza akasema mashaallah, akageuka kuomba pilau. Ndiyo aibu yote tuliyokuwa tukiiogopa.

Tunamuomba Allah awafungulie watoto wetu wote milango ya elimu yenye manufaa, na atupe sisi wazazi subira ya kuwasikiliza kabla ya kuwaamulia.

Wabillahi tawfiiq. Wassalaamu alaykum.