Futeni Hiyo Video ya Dambeli, Mimi Nimeanza na Yangu

Jana usiku nimefuta video yangu iliyotazamwa kuliko zote. Mnaikumbuka: niko mbele ya kioo cha jimu, dambeli ya kilo 5 kila mkono, napiga ngumi hewani mbio mbio, na juu nimeandika, "Wiki mbili tu, ngumi yako itakuwa nyundo." Ulikuwa uongo mtupu, na umeumiza mtu.

Kijana wa kidato cha tatu alinitumia ujumbe. Alifuata ile video kila asubuhi kabla ya shule. Saa hii bega lake haliinuki vizuri, shati la shule anavalishwa na mdogo wake. Hakunitusi. Aliuliza tu, "Brathe, nilikosea wapi?" Hakukosea popote. Mimi ndiye nilikosea.

Sasa wacha niseme kile wengi wetu wa kontenti hatutaki kusema: tunawauzia misuli ya kioo. Inapendeza kwa picha, lakini ngumi haitoki huko.

Tuanze na hiyo dambeli. Uzito wake unavuta chini, na ngumi inaenda mbele. Kwa hivyo kazi kubwa ya bega ni kuzuia mkono usianguke, si kusukuma pigo. Alafu mkono ukinyooka mwisho, chuma bado kinataka kuendelea na safari. Nani anakifungia breki? Kiwiko na bega lako. Fanya hivyo kwa kasi mara mia kila siku, alafu uje uniambie.

Na baisepu? Kazi yake ni kukunja kiwiko. Ngumi ya kunyoosha inakunjua kiwiko. Sawa, kwenye ngumi ya kuzungusha baisepu inasaidia kushikilia kiwiko, hiyo nakubali. Lakini mtu kufanya baisepu siku nne kwa wiki na miguu ni kama ya korongo, huyo hajengi pigo. Anajenga mikono ya fulana.

Nguvu inatoka chini. Mguu wa nyuma unasukuma sakafu, nyonga inazunguka, kiwiliwili kinafuata, bega linafuata, ngumi inafika mwisho kama mjumbe. Usiniamini, jaribu. Kaa kwenye kiti, inua miguu juu, piga mto. Sasa simama vizuri upige tena. Umeona? Mkono ni ule ule.

Robert Wangila alishinda dhahabu ya Olimpiki kule Seoul mwaka wa 1988, uzani wa kilo 67, na fainali aliimaliza kwa kumwangusha mpinzani raundi ya pili. Kilo 67! Mwili wa kawaida wa jamaa unayemwona stejini. Ukubwa wa mkono si hoja.

Kuna makocha wa mtaani wanaosema chuma kinamfanya mtu awe mgumu na mzito. Wana sababu: wamewaona wale wanaoinua mpaka wafure, alafu wanakuja ulingoni wakiwa wamechoka. Lakini kosa liko kwa namna ya kuinua. Pigo ni nguvu na kasi pamoja, kwa hivyo zote mbili lazima zifanyiwe kazi, ukiwa hujachoka.

Mimi saa hii nafanya hivi, siku mbili kwa wiki, na siku hizo hazifuatani. Kwanza kuchuchumaa na uzito na kuinua chuma kutoka chini kwa nyonga, mgongo ukiwa umenyooka: mara 5, napumzika dakika 2 au 3, narudia mara tatu. Alafu kuvuta mwili juu kwenye chuma, kwa sababu mgongo ndio unarudisha mkono nyumbani. Alafu pushapu za kulipuka, mikono inaachana na sakafu. Mwisho, kurusha mpira mzito wa kilo 3 au 4 kutoka ubavuni, mara 5 kila upande, kwa nguvu zote. Kasi ikipungua, naacha. Siku zingine ni begi, kamba na kocha.

Huna pesa ya jimu? Jerikeni la lita 20 likijaa maji ni kilo 20 na kidogo. Beba mawili, tembea na mgongo wima. Begi la shule weka mchanga, chuchumaa nalo. Mfuko mdogo wa mchanga, ushone vizuri, urushe uwanjani. Kama hujawahi kuinua chochote, anza na mwili wako tu mpaka umbo likae sawa. Na usiguse begi la ngumi bila kufunga mikono bandeji.

Si rahisi kuweka hii kwa sekunde 15. Hakuna atakayepiga kelele akiona mtu akichuchumaa na jerikeni. Najua pia nimepoteza watazamaji wengi kwa kufuta ile video. Sawa tu.

Wenzangu wa kontenti, anayewatazama saa nane usiku chini ya blanketi ni mtoto wa shule anayeamini kila neno. Futeni. Na wewe wa kidato cha tatu, nenda hospitali wakuangalie bega. Usirudi mazoezini mpaka wakuruhusu. Ukirudi, tutaanza na miguu.